The X Factor ya Iron Maiden: mnyonge mnyongeni, haki ya Blaze mpeni

Nyuzi_Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu wa metali, salaam kutoka Nairobi yenye baridi na foleni.

The X Factor, albamu ya Iron Maiden, bendi ya metali ya Uingereza, ilitoka tarehe 2 Oktoba 1995, imepita miaka 30 sasa, na bado kila ikitajwa kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu hujibu na kikatuni cha kulala. Naomba leo tuizungumze kama watu wazima. Dai langu ni moja: The X Factor ilihukumiwa kwa kesi isiyokuwa yake. Kilichowaudhi watu ni maonyesho ya jukwaani, wakaja kuipiga mawe albamu.

Kwa wageni: Bruce Dickinson, mwimbaji, aliondoka Maiden mwaka 1993. Adrian Smith, mpiga gitaa, alikuwa ameshatoka tangu 1990. Martin Birch, aliyewatengenezea albamu zote tangu 1981, alistaafu baada ya albamu ya Fear of the Dark. Kwa hiyo 1995 hakubadilika mwimbaji peke yake, nyumba nzima ilikuwa imehamwa. Steve Harris, mpiga besi na kiongozi wao, akabaki na Dave Murray na Janick Gers kwenye magitaa na Nicko McBrain kwenye ngoma, akamleta mwimbaji Blaze Bayley kutoka Wolfsbane, kikundi kilichokuwa kimewafungulia Maiden maonyesho mwaka 1990. Wakarekodi Barnyard, studio ya Harris mwenyewe huko Essex, yeye na Nigel Green wakisimamia sauti. Harris wakati huo ndoa yake ilikuwa imevunjika. Ukishajua hilo huulizi tena kwa nini albamu ina kiza.

Sasa, Blaze ana sauti nzito, ya chini. Bruce sauti yake ni ya kupaa. Walipoingia ziarani, Blaze alipewa nyimbo za zamani, The Trooper na Hallowed Be Thy Name, katika ki (kimo cha noti) ileile ya Bruce, nyuzi hazikulegezwa hata kidogo. Ni kama kumkabidhi dereva mpya matatu halafu umkataze kusogeza kiti. Usiku baada ya usiku akakwaruza koo, na baadhi ya maonyesho ya Marekani yakafutwa kwa sababu sauti imemkatika. Hapo ndipo jina "Blaze hawezi" lilipozaliwa.

Lakini ndani ya albamu nyimbo zilitungwa yeye akiwa chumbani. Sikilizeni anavyoingia kwenye Sign of the Cross baada ya wale waimbaji wa mtindo wa kanisa la zamani na ile besi ya taratibu. Hapandi. Anakaa chini, karibu ananong'ona, na wimbo unamsubiri. Man on the Edge aliutunga yeye na Gers, na humsikii akijivuta hata mahali pamoja.

Leteni hoja. Matusi pelekeni kwenye uzi wa siasa.

---

Chuma_Mbichi

Dakika 71. Sina la kuongeza.

---

Alto_wa_Jumapili

Nyuzi_Sita kaka, umeeleza vizuri lakini hebu niongeze upande wa sauti, kwa sababu mimi naimba kwaya na hili jambo tunalijua sana.

Kwaya zetu zina sauti ya kwanza, ya juu kabisa, mpaka ya nne, ya chini kabisa. Bruce ni sauti ya tatu ya kweli, tena ile ya kupanda mpaka anawatisha akina mama wa sauti ya pili. Blaze yuko kati ya tatu na nne, na akilazimishwa juu anafungua mdomo sana na sauti inakuwa bapa. Si kwamba hajui noti. Noti anaijua, anaifikia kwa kuisukuma, na kitu kinachosukumwa hushuka kidogo kabla hakijatua. Hicho ndicho watu wanakisikia kwenye rekodi za jukwaani wanasema "anatoka nje ya ki."

Mwalimu yeyote wa kwaya hapa mjini akipata kiongozi mpya mwenye sauti nzito, kitu cha kwanza anashusha doh, yaani noti ya msingi ya wimbo. Hata hajadili. Jumapili watu wanaimba, wanaenda nyumbani. Mimi swali langu kwa Harris ni hilo tu: kwa nini hukushusha doh, baba?

---

Nyuzi_Sita

@Alto_wa_Jumapili dada, kwenye gitaa lilikuwa jambo rahisi kuliko hata kwenye piano. Rifu nyingi za Maiden (vile vipande vya gitaa vinavyojirudia) zimekaa kwenye noti ya E, zinategemea ule uzi mnene ukiwa wazi. Ukihamisha ki kwa vidole unapoteza ule mngurumo. Lakini ukilegeza nyuzi zote sita nusu noti, au noti nzima, vidole vinabaki palepale, mpigaji hajifunzi kitu kipya. Vikundi vingi hufanya hivyo waimbaji wao wakizeeka. Maiden hawakutaka. Kiburi? Mazoea? Mimi naona ni kwamba Harris aliamini Maiden ni zile noti, na mtu yeyote anayekuja azifuate.

---

Kaseti_Kuukuu

Wacha niwaambie kisa cha albamu hii na kaseti.

Sisi wa zamani tulikuwa tunaenda kurekodiwa mjini, unaleta kaseti yako tupu au unanunua hapo hapo. Jamaa aliyenirekodia The X Factor alitumia kaseti ya dakika 60. Piga hesabu: upande wa kwanza uliishia Fortunes of War, wa pili ukafika The Edge of Darkness na kukatika. 2 A.M. na The Unbeliever hazikuwemo kabisa! Na yeye karatasi ya majina ameandika nyimbo zote kumi na moja kwa kalamu nyekundu, hati safi kabisa, kana kwamba zote zimo. Nilikuwa naigeuza ile kaseti nikitafuta nyimbo ambazo hazipo.

Kwa hiyo kwa miaka mingi mimi The X Factor yangu ilikuwa fupi, na nawaambia ilikuwa nzuri. Chuma_Mbichi pengine ulihitaji yule jamaa.

Lakini 2 A.M. nilipoipata baadaye kwenye CD, aah. Mtu anarudi kutoka kazi asiyoipenda, saa nane usiku, anakaa na bia, anawasha runinga, anajiuliza anafanya nini duniani. Hakuna zimwi, hakuna farao, hakuna ndege ya kivita kama kwenye nyimbo zao nyingine. Mimi nilikuwa zamu ya usiku Industrial Area wakati huo. Bruce angeuimba wimbo huo ungekuwa tamthilia. Blaze anauimba kama mtu ambaye kweli amechoka na bado hajavua viatu.

---

Chuma_Mbichi

Haya, mmenilazimisha niandike.

Kwanza, mpangilio. Fungua nyimbo za albamu hiyo moja baada ya nyingine. Sign of the Cross: inaanza polepole. Fortunes of War: polepole. Judgement of Heaven: besi kwanza. Blood on the World's Hands: Harris anapiga besi peke yake mpaka unafikiri wenzake wameenda kula. The Edge of Darkness: polepole. 2 A.M.: polepole. Mwanzo wa taratibu, halafu mlipuko, halafu mbio, halafu unarudi taratibu. Ukisikia mara moja unasema lo, ukisikia mara ya sita unaangalia saa.

Pili, sauti yenyewe ya rekodi. Kavu. Vaa hedifoni usikilize ngoma za Nicko kisha weka Seventh Son, albamu yao ya 1988. Kwenye ile ya Birch kuna hewa, kuna ukubwa. Huku ni kama wamepiga kwenye chumba chenye mazulia ukutani. Na Blaze wamemweka mbele kabisa bila kumfunika na chochote, kila udhaifu uko hadharani. Kama mnataka kumtetea, mtetezi wake wa kwanza angekuwa mchanganyaji wa sauti, na huyo hakumtetea.

Tatu, kulikuwa na nyimbo nyingine zilizorekodiwa wakati huohuo zikatupwa nyuma ya singo ya Man on the Edge: Justice of the Peace, I Live My Way, Judgement Day. Judgement Day ina nguvu na ina kasi. Mwenye akili timamu anaiacha hiyo nje anaweka Look for the Truth ndani?

Simchukii Blaze. Simlaumu hata. Lakini kusema albamu ilionewa, hapana. Fear of the Dark ilifika namba 1 Uingereza mwaka 1992, hii ikafika namba 8. Wanunuzi hawakuwa wamesikia maonyesho yoyote bado.

---

Nyuzi_Sita

@Chuma_Mbichi hoja ya ukavu siipingi. Lakini hiyo ya namba 8 umejichimbia shimo mwenyewe ndugu. Ikiwa wanunuzi hawakuwa wamesikia kitu, basi walikataa jina kabla ya sauti. Kile walichokikosa ni Bruce, hawakuwa wamefika hata kwenye wimbo wa kwanza. Halafu angalia hali ya miaka ile, redio na magazeti ya Marekani na Uingereza yalikuwa yamehamia kwenye muziki wa Seattle, ule wa grunge. Hata Bruce angekuwepo, 1995 haikuwa 1985.

Judgement Day nakubali kabisa. Ingefaa kuwemo.

---

Mtoto_wa_Rongai

Mimi ni wa juzi, niwieni radhi wazee. Nimeingia kwenye metali kupitia Duma, kikundi cha hapa Nairobi, ile albamu yao ya 2020, halafu mwimbaji wao Lord Spikeheart peke yake, ndipo nikarudi nyuma kuwajua Maiden. Mtu aliyezoea koo la Spikeheart, mkimwambia "sauti ya Blaze inachukiza" anawashangaa. Inachukiza wapi? Mbona ni mtu anaimba tu?

Nilichokuja kusema: Sign of the Cross niliisikia kwanza kwenye ile rekodi ya tamasha la Rock in Rio ya Januari 2001, Bruce akiwa amesharudi. Nikapenda sana. Nilipoenda kutafuta ya asili nikakuta sauti nyingine kabisa, na nikaipenda ile zaidi. Sijui kwa nini.

---

Nyuzi_Sita

@Mtoto_wa_Rongai nitajaribu kukuambia kwa nini, maana hapa ndipo pana utamu wenyewe.

Wimbo unahusu mtu anayewangoja wale watu kumi na mmoja waliojifunika majoho, mmoja mbele amebeba msalaba, wanakuja kumhukumu. Bruce akiuimba pale Rio mbele ya umati ule, anakuwa msimuliaji. Anakuonyesha tukio: tazama kule, wanakuja! Anatamba, na ana haki ya kutamba, ile sauti ni neema. Lakini Blaze ndiye anayehukumiwa. Ule uzito wake, ile kutopaa kwake, vinamweka chini ya kilima akiangalia juu. Mwishoni kwenye kiitikio anapong'ang'ana kidogo, inafaa, kwa sababu mtu anayengoja kuchomwa moto haimbi vizuri.

Na angalia jambo lingine. Bruce alirudi 1999 pamoja na Adrian Smith, wangeweza kuzika miaka ile mitano kimya kimya. Badala yake Sign of the Cross ikaingia kwenye orodha ya jukwaani, na The Clansman kutoka Virtual XI, albamu ya pili ya Blaze, pia. Lord of the Flies ikafuata kwenye ziara ya 2003. Mwaka 2018 kwenye ziara ya Legacy of the Beast, mbili zile zikarudi tena, tena Sign of the Cross ikapewa mandhari yake kamili ya msalaba. Huwezi kusema albamu ni takataka halafu ukae ukipigia makofi nyimbo zake kwa sababu tu mwimbaji unampenda.

---

Zilizopendwa_Daima

Vijana, mnanifurahisha. Mnabishana kama vile kubadili mwimbaji ni maafa ya dunia.

Kwetu sisi wa dansi hili lilikuwa jambo la kila mwaka. Simba Wanyika ilipopasuka mwaka 1978 hapahapa Nairobi ikazaliwa Les Wanyika, na watu wakacheza huku na wakacheza kule. Muhiddin Maalim Gurumo kule Dar alikuwa NUTA Jazz, akaenda Mlimani Park. Hakuna aliyekaa akisema "Mlimani si Mlimani." Unajua siri iko wapi? Mwimbaji alipohama, alihamia na nyimbo zake mpya, na bendi aliyoiacha ilitunga mpya kwa aliyekuja. Shabiki akija ukumbini anataka kibao cha wiki hii. Hao wazungu wenu wanamleta mtu mpya halafu wanamtaka aimbe vibao vya mtangulizi wake nusu ya usiku. Hapo lazima kuzuke ugomvi.

Metali siisikilizi, ni kelele. Kijana wangu hupiga kwa nguvu ndiyo maana najua majina.

---

Alto_wa_Jumapili

😂😂 Mzee Zilizopendwa karibu sana. Umesema kwa sentensi chache yale tuliyokuwa tunayazunguka tangu asubuhi.

---

Kichwa_Maji

Tusisahau wengine. Black Sabbath walimfukuza Ozzy 1979, wakamleta Ronnie James Dio, na 1980 wakatoa Heaven and Hell. Hakuna aliyelia muda mrefu. AC/DC walimpoteza mwimbaji wao Bon Scott Februari 1980, Julai ileile Brian Johnson yuko kwenye Back in Black. Kwa hiyo inawezekana. Mbona Maiden walishindwa?

---

Nyuzi_Sita

Sabbath wamekupa mfano mzuri lakini endelea nao mbele kidogo. Dio alifika na uandishi wake, Tony Iommi, mpiga gitaa wao, akabadilisha namna ya kupiga ili Dio apate nafasi. Heaven and Hell haifanani na Paranoid, albamu ya enzi za Ozzy, na haikujaribu kufanana. Na Sabbath haohao walikuwa na Tony Martin, aliyeimba Headless Cross ya 1989, akasahauliwa kabisa mpaka mwaka 2024 zile albamu zake zikatolewa upya kwenye kasha moja, ndipo watu wakaanza kusema "kumbe!"

Kesi iliyo kinyume na ya Blaze ni ya Judas Priest. Mwimbaji wao Rob Halford aliondoka 1992, wakampata Ripper Owens kutoka kikundi kilichokuwa kikipiga nyimbo za Priest wenyewe. Jukwaani aliweza kila kitu, anapanda juu mpaka vioo vinaogopa. Lakini tuambiane ukweli, nani hapa anarudia Jugulator ya 1997? Sauti ilikuwepo, nyimbo hazikuwepo. Maiden walikuwa na nyimbo, wakazipatia mtu sahihi, kisha wakampeleka jukwaani kuimba za mwingine.

---

Kichwa_Maji

Mimi narudia Jugulator. Lakini huwa nafunga dirisha.

---

Msafiri_wa_Mto

Nina dogo la pembeni. The Edge of Darkness imetokana na ile filamu ya Vietnam ya 1979, Apocalypse Now. Filamu nayo ilichukua mgongo wake kutoka kwa Heart of Darkness, riwaya ya Joseph Conrad ya 1899, ambayo mto wake ni Kongo. Yaani safari imetoka Kongo, ikahamishiwa Vietnam, ikaishia kwenye gitaa huko Essex, na sisi tunaisikiliza Nairobi kwenye foleni ya Jogoo Road. Wakongo hawajaulizwa hata mara moja.

Kimuziki naona ndio wimbo bora wa albamu baada ya wa kwanza. Blaze anasimulia kama askari anayesoma ripoti, bila mapambo. Pale wimbo unapobadilika kutoka taratibu kwenda ule mwendo wa farasi wa Harris, bado haongezi maigizo. Na ziara yenyewe ilipitia Afrika Kusini, mara ya kwanza Maiden kupiga huko, mwimbaji akiwa Blaze. Mashabiki wa kule walioanza naye hawana Bruce wa kumlinganisha naye jukwaani.

---

Chuma_Mbichi

Sawa. Nimeisikiliza tena yote mchana huu, nikiwa kwenye basi na baadaye nikifua. Msimamo wangu:

Sign of the Cross, Man on the Edge, The Edge of Darkness, 2 A.M., The Unbeliever. Hizo nawapa. Lord of the Flies naikubali kwa sababu ya gitaa, ingawa kiitikio kinarudiwa mno. The Aftermath ina maneno mazuri ya askari aliyerudi nyumbani asijue alipigania nini, muziki wake umezubaa. Zilizobaki chukueni.

Na sauti ya Blaze? Kwenye hizo tano haina shida. Sikusema ni bora kuliko Bruce. Nimesema haina shida. Msininukuu vibaya.

---

Kaseti_Kuukuu

Mbili kati ya hizo tano hazikuwa kwenye kaseti yangu. Yule jamaa anadaiwa.

---

Alto_wa_Jumapili

Mimi naongeza Judgement of Heaven kwenye orodha ya Chuma. Ule ni wimbo wa mtu aliyefika mahali pa kufikiria kujiua na bado anauliza kama kuna anayemsikia. Kwa sauti ya kupaa ungekuwa wimbo wa ushujaa. Kwa sauti ya nne unabaki maombi.

---

Mtoto_wa_Rongai

Sasa wazee niende Virtual XI au niiache? Maana humu kila mtu anaitaja The Clansman.

---

Nyuzi_Sita

The Clansman na Futureal chukua leo leo. The Angel and the Gambler ina karibu dakika kumi, na nyingi kati ya hizo ni mstari mmoja unaorudiwa. Huo siutetei, sijawahi kuutetea, na anayetaka kuutetea afungue uzi wake.

---

Chuma_Mbichi

Nafungua.